Waya wa friji au maikrowevu umepotelea nyuma ya kabati la kempa: dalili, sababu na namna ya kuutoa

Kempa na karavani, yaani magari ya kulala safarini, zinazouzwa Marekani na Kanada hujengwa kwa kubana. Friji huingizwa kwenye tundu lake na pembeni hubaki nafasi ya kidole kimoja, maikrowevu huzungukwa na fremu ya mbao, na plagi zao huwekwa mahali ambapo mwenye gari hapaoni mpaka siku kitu kizimike. Mtikisiko wa barabara huilegeza plagi kidogo kidogo, uzito wa waya huimalizia, kisha waya hudondoka kwenye uwazi ulio kati ya kabati na ukuta.

Wengi hukimbilia kulichomoa friji zima kwa mbele. Hiyo ni kazi ya watu wawili, inagusa bomba la gesi, na mara nyingi haikuhitajika. Waya uliopotea karibu kila mara hufikiwa kutoka upande mwingine: kidirisha cha nje, kabati la juu, kabati jirani au nafasi ya droo. Tafuta upande huo kwanza.

Kabla ya kuingiza mkono popote

Kempa ina vyanzo vya umeme zaidi ya kimoja, na kuchomoa waya mkubwa wa kambini, ule unaoleta umeme kutoka nguzo ya kambi, hakutoshi. Zima jenereta pamoja na swichi yake ya kujiwasha yenyewe kama ipo. Kisha zima inveta. Hii ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu waya wa kambini ukiwa umelala chini mkavu, inveta huendelea kuchukua umeme wa betri na kupeleka volti 120 kamili kwenye baadhi ya soketi, hasa ya friji na ya televisheni. Mwisho, shusha breka ya sakiti husika.

Hakikisha kwa testa isiyogusa waya: ijaribu kwanza kwenye soketi ya nje ya gari unayojua ina umeme, halafu pale unapotaka kufanya kazi, halafu irudishe kwenye ile ya kwanza. Testa yenye betri dhaifu hukaa kimya hata mbele ya umeme, ndiyo maana inajaribiwa mara mbili.

Kama ni friji la gesi na umeme, lizime, funga valvu ya mtungi, na subiri saa moja. Kichomeo na bomba lililo juu yake huunguza.

Vifaa vya kazi hii ni vichache: tochi ya kichwani, kioo kidogo chenye mpini, kamera nyembamba ya kuchomeka kwenye simu, fito za fiberglasi za kuvutia waya, mshikio unaopinda wenye makucha mwishoni, tepu ya fundi umeme, mita tatu za kamba ya nailoni na nati moja ya chuma. Usitumie ule utepe wa chuma wa kuvutia waya karibu na soketi, kwa sababu unapitisha umeme. Sumaku peke yake haitakusaidia kunasa plagi. Pini zake ni za shaba nyeupe na waya wenyewe ni shaba, na sumaku haivuti shaba. Kazi ya sumaku na ile nati itaelezwa mbele.

Dalili: friji linapoza kwa gesi, lakini halifanyi kazi kwa umeme

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na huweza kupita wiki nzima bila kugunduliwa. Friji likiwekwa kwenye hali ya kujichagulia, huanza na umeme. Likikosa umeme, huhamia gesi lenyewe bila kelele. Unachoona ni mtungi kuisha haraka wakati umeegesha kambini na umelipia umeme. Tazama taa ya mbele: ikionyesha gesi huku waya wa kambini umechomekwa, friji halipati volti 120.

Sababu, kuanzia iliyo ya kawaida zaidi:

Plagi imelegea au imechomoka. Zunguka nje ya gari hadi kwenye kidirisha cha chini chenye matundu ya hewa, nyuma ya friji. Vishikizo vyake huzungushwa robo mzunguko kwa sarafu au bisibisi bapa. Ndani utaona kichomeo, bomba la gesi, ubao wa saketi na, kwa kawaida kwenye ukuta wa pembeni, soketi. Mara nyingi plagi itakuwa inaning'inia chini yake au imelala sakafuni. Friji lenye mashine ya barafu huweza kuwa na waya wa pili, kwa hiyo fuata waya kwa mkono mpaka unapotokea kabla ya kuuchomeka.

Breka imeruka, au soketi imezimwa na soketi ya usalama iliyo kwingine. Soketi yenye vitufe viwili, cha kujaribu na cha kurudisha, huweza kulinda soketi nyingine kadhaa mbele yake, na katika kempa nyingi iko bafuni au jikoni. Bonyeza cha kurudisha kabla ya kufungua chochote. Ukiwasha tena umeme na kupima soketi ya friji kwa mita, utarajie karibu volti 120.

Waya umeteleza ndani zaidi, chini ya friji au pembeni mwake. Hapa kioo na kamera ndivyo vinavyofanya kazi. Ingiza kamera kupitia kidirisha, elekeza chini kwanza, kisha pembeni. Ukiuona waya, ushike kwa makucha ya mshikio nyuma tu ya shingo ya plagi, si kwenye pini, na uvute kwa kuuzungusha polepole. Nyuma ya friji kuna mabati au vipande vya povu vya kuelekeza hewa ya moto ipande juu. Ukivisogeza, virudishe palepale. Friji lililopoteza bati hilo litapoza vibaya siku za joto, na utaanza kulaumu kitu kingine.

Plagi imechomekwa, soketi ina umeme, na bado friji halipoi kwa umeme. Sasa tatizo si waya. Huenda ni fyuzi kwenye ubao wa saketi au elementi ya kupasha joto iliyoungua. Elementi hupimwa ikiwa imetenganishwa: zidisha volti kwa volti, gawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Elementi ya wati 325 kwa volti 120 itasoma takriban ohmu 44. Mita ikionyesha kwamba njia ya umeme imekatika, elementi imekufa.

Simama hapa na uite fundi wa magari ya kulala ukikuta lolote kati ya haya: harufu ya gesi, harufu kali ya amonia inayochoma pua, au unga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma. Mabomba hayo yana amonia na haidrojeni kwa shinikizo, pamoja na kemikali ya kuzuia kutu ambayo ni sumu. Ule unga wa manjano ndiyo alama yake. Toka nje, fungua milango, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, yaani palepale ulipokuwa umelala kifudifudi na tochi.

Dalili: maikrowevu imezimika kabisa, hata saa haionyeshi

Anza na breka na soketi ya usalama. Halafu jiulize kama uko kwenye inveta ndogo, maana nyingi haziilishi soketi ya maikrowevu kabisa, na hapo hakuna kilichoharibika.

Kama vyote viko sawa, tafuta plagi. Maikrowevu iliyotundikwa juu ya jiko hupitisha waya wake kwenye tundu la sakafu ya kabati lililo juu yake, na soketi iko ndani ya kabati hilo. Toa sahani na makopo yote, angalia kona ya nyuma. Mara nyingine soketi imefichwa nyuma ya kipande cha plaiwudi chenye skrubu mbili au nne, na watu hufungua maikrowevu nzima bila kujua kwamba kipande kile kilikuwa mlango.

Maikrowevu iliyoketi kwenye rafu yake yenyewe, ndani ya fremu, ni tofauti kidogo. Plagi huwa kwenye kabati la jirani, au nyuma ya mashine yenyewe. Jaribu la jirani kwanza. Ikibidi kuitoa, tafuta skrubu za fremu chini ya vifuniko vidogo vya plastiki, ondoa fremu, kisha angalia chini ya rafu, kwa sababu mara nyingi kuna skrubu zinazoingia kwenye tumbo la mashine kutokea chini. Mtu mmoja aishike wakati mwingine anafungua. Ivute mbele sentimita 15 hadi 20 tu, kiasi cha mkono kupita. Usiivute mpaka waya ukaze, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kuipoteza plagi ndani ya ukuta kwa mara ya pili.

Usifungue kasha la chuma la maikrowevu kwa sababu yoyote. Kapasita iliyo ndani huhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa, na unaua. Waya ukiwa umeharibika pale unapoingia kwenye kasha, mashine ni ya fundi au ya kubadilishwa.

Dalili: waya unaugusa, hata unauona, lakini hautoki

Waya ambao hautoki umenasa, na ukiuvuta kwa nguvu utachubua ganda lake mahali usipoweza kupaona. Sukuma kwanza urudi nyuma sentimita kadhaa, uzungushe, kisha vuta tena. Waya mwingi hutoka kwa kusukumwa.

Ukikataa, peleka kamera ukaone kilichoushika. Kwa kawaida ni tundu lenye kingo kali lililobana shingo ya plagi, klipu ya kiwandani iliyopigiliwa ukutani, au mguu wa kifaa chenyewe ulioukalia waya baada ya kurudishwa vibaya. Kifaa kilichokalia waya kiinuliwe kwa kabari nyembamba ya mbao, kisikokotwe.

Karavani yenye slaidi, yaani sehemu ya chumba inayosukumwa nje, ina hatari yake ya peke yake. Waya ukiangukia kwenye reli, slaidi ikirudi ndani huukata kama mkasi. Kama hujui waya uko wapi na kifaa kiko ndani ya slaidi, usiisogeze slaidi hata kidogo mpaka uupate. Ukisikia imekwama njiani, acha kubonyeza swichi. Mota yake ina nguvu ya kukata waya na kupinda reli kwa mpigo mmoja.

Dalili: waya umezama ndani kabisa, kamera inaona giza tu

Hapa ndipo subira inalipa. Tafuta droo iliyo karibu zaidi. Droo za karavani zenye reli za gololi huwa na kilimi kidogo cha plastiki cha kubonyeza kila upande. Bonyeza kimoja juu na kingine chini kwa wakati mmoja, droo itatoka nzima. Nyuma ya droo kuna uwazi unaoungana na uwazi wa nyuma ya kabati. Vivyo hivyo kwa ubao wa chini wa kabati, ule unaogongwa na vidole vya miguu. Mara nyingi umeshikwa na skrubu chache au pini fupi tu.

Ukishapata uwazi mbili, mmoja juu na mmoja chini, fanya hivi:

1. Funga nati ya chuma kwenye ncha ya kamba ya nailoni na uishushe kutoka uwazi wa juu.
2. Kutoka uwazi wa chini, ingiza sumaku iliyofungwa kwenye ufito. Itainasa nati. Vuta, na sasa una kamba iliyopita njia nzima.
3. Kwa ufito wenye ndoano, au waya wa henga uliofunikwa ncha yake kwa tepu, unase waya uliopotea na uulete mpaka kwenye uwazi wa chini.
4. Funga kamba nyuma ya plagi kwa fundo mbili, kisha zungushia tepu kuanzia kwenye kamba mpaka juu ya pini, ili umbo liwe jembamba kama kisu na lisinase popote.
5. Mtu mmoja avute kutoka juu, mwingine alishe waya kutoka chini. Anayelisha ndiye anayeamua mwendo.

Kama hakuna uwazi wa pili, unaweza kutoboa, lakini ndani ya kabati tu, kwenye ubao wa pembeni unaoonekana pande zote mbili. Paneli hizo huwa nyembamba, mara nyingi karibu milimita 3, na drili huzipenya kabla hujajua. Funga tepu kwenye drili kuweka kikomo cha kina, toboa kitundu kidogo, ingiza kamera, hakikisha hakuna bomba la maji, la gesi wala waya mwingine, ndipo upanue kwa msumeno wa kutobolea matundu, ule unaofungwa kwenye drili. Tundu la milimita 75 linatosha mkono mwembamba, na hufunikwa baadaye kwa kibao chenye skrubu mbili. Ukuta wa nje wa gari, paa na sakafu usiviguse. Tundu la nje huingiza maji, na maji yakishaingia ndani ya ukuta wa karavani, ukuta huoza polepole bila kuonekana.

Dalili: plagi imepatikana lakini haifiki kwenye soketi

Aghalabu waya umepitishwa njia ndefu, umezunguka nguzo au mguu wa kifaa. Ufuate kwa kamera kabla ya kuamini kwamba ni mfupi. Ukiwa mfupi kweli, usiongeze ekstensheni na kuificha nyuma ya kabati. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, zinakataza nyaya laini kufichwa ndani ya kuta au kutumika badala ya nyaya za kudumu, na sababu yake inaeleweka: kiungio kikilegea kwa mtikisiko hupata moto, na mahali pale hakuna atakayekiona. Suluhisho ni soketi kusogezwa na fundi umeme.

Plagi ya kawaida ya pini tatu ya Marekani hupita kwenye tundu la milimita 38. Tundu lolote unalolipitishia waya liwekewe kola ya mpira, hata likiwa la mbao. Miezi sita ya barabara ya changarawe hutosha kwa kingo za plaiwudi kulila ganda la waya.

Dalili: waya umetoka, lakini una jeraha, au breka inaruka ukichomeka

Ukague waya wote kwa mkono kabla ya kurudisha umeme, kila sentimita. Alama za meno ni za panya. Ukikuta na kinyesi chao, usifagie wala usivute kwa mashine ya vumbi, kwa sababu panya wa Amerika Kaskazini huweza kubeba hantavirusi, virusi vya ugonjwa hatari, na vumbi la kinyesi hicho huvutwa kwa pumzi. Vaa glavu, lowesha kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya dawa ya klorini na sehemu tisa za maji, acha dakika tano, kisha pangusa na utupe.

Plagi iliyoyeyuka au yenye pini nyeusi ilikuwa imelegea kwa muda mrefu kabla ya kudondoka, na soketi yake nayo imechoka. Badilisha vyote viwili. Ukibadilisha plagi pekee, soketi iliyolegea itaiunguza mpya. Katika plagi mpya ya Marekani, waya mweusi huenda kwenye skrubu ya rangi ya dhahabu, mweupe kwenye ya rangi ya fedha, kijani kwenye ya kijani. Pini ya mviringo ya kutuliza umeme ardhini haikatwi kamwe, hata soketi ikiwa ya kizamani.

Waya uliokatika katikati haufungwi kwa tepu. Badilisha waya mzima, wenye unene uleule au zaidi.

Breka ikiruka mara tu unapochomeka, jaribu kitu kimoja pekee: chomeka kifaa kingine kidogo kwenye soketi hiyohiyo. Kisiporusha breka, kosa liko kwenye waya au kifaa ulichokitoa. Kikirusha, kosa liko ndani ya ukuta, na hapo ni kazi ya fundi umeme. Usiibadilishe breka kwa kubwa zaidi. Ganda la chuma la gari likikupiga hata kidogo unaposhika mlango ukiwa umesimama ardhini, chomoa waya wa kambini kwa kuzima kwanza breka ya nguzo ya umeme ya kambi, na usiingie tena mpaka fundi apime.

Kwa magari ya safari ya Afrika Mashariki

Land Cruiser zenye hema juu ya paa zinazokodishwa Arusha na Nairobi hubeba zaidi friji la volti 12, na waya wake hupenda kudondoka nyuma ya droo za buti, sehemu ya mizigo ya nyuma. Volti 12 haitakupiga, lakini waya ukigusana na bodi huweza kuwasha moto. Tenganisha nguzo hasi ya betri ya pili, ile inayolisha friji, kabla ya kuanza. Kama plagi ni ile ya kiberiti cha gari, ncha yake hufunguka na ndani kuna fyuzi na springi, na vyote viwili huanguka pamoja nayo. Vitafute kabla ya kudhani friji limekufa.

Ukiwa na vifaa vya volti 230 au 240 na plagi ya pini tatu za mraba, tundu la milimita 38 halitoshi. Fungua plagi, pitisha waya bila plagi, kisha ifunge tena upande wa pili: kahawia kwenye pini yenye fyuzi, buluu upande wa pili, kijani na manjano kwenye pini ndefu ya juu.

Ukishaurudisha

Fungia waya kwa klipu yenye skrubu, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye plagi, ukiacha ulegevu mdogo ili mtikisiko usiivute plagi. Kwa maikrowevu na televisheni, acha kamba ya nailoni ndani ya njia ileile ili uvutie waya ukidondoka tena, ncha moja ikiwa imefungwa kwenye skrubu ndani ya kabati. Nyuma ya friji la gesi usiache kamba, kitambaa wala tepu inayoning'inia. Kichomeo kiko chini palepale, na hewa inayopanda ni ya moto.